Waliozuia balaa Omdurman ni brigedi ya Macdonald, nishani wakapewa wapanda farasi

Kila ikitajwa vita ya Omdurman, kule Sudan, ya tarehe 2 mwezi wa 9 mwaka 1898, watu wanakumbuka mambo mawili tu. La kwanza ni bombomu, zile Maxim, jinsi zilivyowafyeka watu wa Khalifa Abdullahi, mtawala wa Sudan aliyerithi nafasi ya Mahdi. La pili ni wapanda farasi wa Kiingereza, 21st Lancers, na kijana Winston Churchill akiwa humo humo, farasi wanaangukia korongoni, mapanga na mikuki. Mimi mwenyewe nilijifunza hivyo hivyo shuleni na nikabaki nayo miaka mingi. Lakini kadiri nilivyozidi kuisoma ile vita ndivyo roho ilivyozidi kuniuma, maana watu waliokuwa kwenye hatari ya kweli asubuhi ile, na wakaizuia kwa mikono yao, wanapitiwa juu juu tu. Watu hao ni brigedi moja ya askari wa miguu, kama watu 3,000 hivi, batalioni tatu za Wasudani weusi na moja ya Wamisri, na kamanda wao alikuwa Mskoti mmoja anaitwa Hector Macdonald.

Tuanze na hao wapanda farasi ili tuwamalize. Hawakufika 450, wakalivamia kundi la wapiganaji waliokuwa wamejificha kwenye korongo la Abu Sunt, na ndani ya dakika chache tu wakapoteza watu 21 na farasi zaidi ya 100. Jeshi zima la Kitchener, jenerali wa Kiingereza aliyeongoza Waingereza na Wamisri pamoja, watu karibu 26,000, lilipoteza watu 48 siku nzima, kwa hiyo karibu nusu ya waliokufa wote walikufa pale, kwenye shambulio ambalo halikubadilisha kitu kwenye vita yenyewe, maana korongo lilibaki hapo hapo na Khalifa alibaki na jeshi lake lile lile la akiba. Nishani tatu za Victoria Cross, nishani kubwa kabisa ya ushujaa ya Uingereza, zikaenda kwa watu wa kikosi kile. Siwanyimi ushujaa wao, mtu aliyerudi katikati ya mikuki kumbeba mwenzake ni shujaa na nitamwita shujaa. Swali langu ni kwamba saa moja tu baadaye, upande wa pili wa uwanja ule ule, kulitokea nini, na mbona wa kule hawakupata kitu kama hicho.

Picha ya uwanja iko hivi. Mto Nile uko mashariki. Jeshi la Kitchener limelala ukingoni, kijijini, limejizungushia boma la miiba na mahandaki. Kusini kuna kilima cha Surgham, kaskazini kuna vilima vya Karari, na katikati ni tambarare tupu ya mchanga. Alfajiri watu wa Khalifa wakaja mbele kwa maelfu wakipiga shahada, na mizinga na bunduki zikawapokea kuanzia mbali kabisa, wengi wakaanguka hata kabla ya kufika mita mia tatu kutoka bomani. Kufikia saa mbili na nusu asubuhi ile sehemu ilikuwa imekwisha. Kitchener akaona kazi imeisha, hofu yake ikawa kwamba waliosalia watakimbilia mjini Omdurman na kujificha majumbani, ambako kungekuwa na mapigano ya mtaa kwa mtaa, basi akaamrisha jeshi zima litoke bomani liwahi mji.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lilikuwa la kuhesabu. Khalifa alikuwa na watu zaidi ya 50,000 na waliokuja alfajiri walikuwa sehemu tu. Bendera Nyeusi, kikosi cha Khalifa mwenyewe chini ya ndugu yake Yakub, watu kama 15,000 na zaidi, walikuwa wamekaa kimya nyuma ya Surgham na hawajapiga hata risasi. Na kundi jingine kubwa sana, la bendera za kijani, la Ali wad Helu na la mtoto wa Khalifa, Osman Sheikh ed-Din, lilikuwa kaskazini kwenye vilima vya Karari, ambako lilikuwa limewakimbiza askari wa farasi na wa ngamia wa Misri. Kwa hiyo jeshi la Kitchener likawa linatembea kuelekea kusini huku mgongo na ubavu vikiwa wazi, na brigedi iliyokuwa mwisho kabisa, mbali kabisa na mto, karibu kabisa na adui, ni ya Macdonald. Kati yake na brigedi iliyomfuatia, ya Lewis, pakabaki pengo kubwa, na mchanga huo hauna mti wala jiwe la kujificha.

Kama saa nne kasorobo hivi Bendera Nyeusi ikatoka nyuma ya kilima na kumjia Macdonald kutoka magharibi. Yeye akasimama, akageuza watu wake, akaleta mizinga yake 18 na Maxim zake mstarini. Inasimuliwa kwamba mwanzoni askari walianza kufyatua ovyo, kila mtu kivyake, na Macdonald akapita na farasi wake mbele ya mstari, yaani mbele ya midomo ya bunduki za watu wake mwenyewe, anazigonga bunduki kwenda juu na kuwafokea mpaka wakanyamaza, halafu ndio akatoa amri ya kufyatua kwa mpango. Ukiwahi kuona watu 3,000 wamepaniki utajua kitendo hicho maana yake nini. Si kamanda anayetuma ujumbe akiwa juu ya kilima na darubini. Ni mtu anayejua kuwa sauti yake inatambulika na yule wa mwisho kwenye mstari.

Amri ilimfikia kutoka juu kwamba arudi nyuma aungane na wengine. Alikataa. Alijua, na hapa naona ndio akili yake yote ilipo, kwamba ukiwageuzia mgongo watu wanaokimbia kukufuata kwenye tambarare, umekufa, na ukifa wewe pale ubavuni wanaingia katikati ya jeshi lote likiwa limetapanyika njiani. Akabaki.

Bendera Nyeusi ikavunjika mbele ya ule mstari. Yakub aliuawa chini ya bendera yake, na waliomzunguka walikufa palepale bila kurudi nyuma. Nisiwapite hawa. Waliokufa upande wa Khalifa siku ile ni zaidi ya 10,000, asubuhi moja tu, watu wenye imani yao na nchi yao, na wengi wao walipigwa risasi kabla hawajaona sura ya aliyewapiga. Ukiandika kuhusu ushujaa wa brigedi ya Macdonald bila kuandika hilo, umeandika nusu.

Sasa Bendera Nyeusi inakwisha, na vumbi linaonekana kaskazini. Kijani. Wale waliokwenda Karari wamerudi, wengine kwa maelfu wanashuka vilimani, na wanakuja kutoka upande ambao brigedi imeupa ubavu wa kulia. Wangefika dakika kumi mapema wakamkuta anapigana na magharibi, sidhani kama ingebaki brigedi. Macdonald akaanza kuigeuza, batalioni moja baada ya nyingine. Yaani huku upande wa kushoto bado unafyatua magharibi, wa kulia unahama na kuangalia kaskazini, mstari unakunjika kama herufi L, halafu mkono wa kushoto nao unachomolewa na kupelekwa kuungana na wa kulia, mpaka brigedi nzima iliyokuwa inaangalia magharibi ikawa inaangalia kaskazini. Kwenye gwaride uwanjani, bila adui, sajenti mkali pembeni, hiyo ni kazi ya jasho. Wao waliifanya chini ya risasi, moshi umejaa, amri zinapigwa kwa kelele, na adui yuko mita mia kadhaa anakuja mbio.

Na bunduki yenyewe. Waingereza siku ile walikuwa na Lee-Metford, bunduki ya magazini. Wasudani na Wamisri walikuwa na Martini-Henry, ya zamani, risasi moja moja. Unashusha mkono wa chuma ulio nyuma ya kifyatulio, ganda linaruka, unachomeka risasi nyingine kwa kidole, unapandisha mkono, unalenga, unafyatua, na bega linapokea teke. Baruti yake inatoa moshi mweupe mzito, ukifyatua mara tatu huoni tena mbele. Bomba linapata moto hadi halishikiki. Ganda lisipotoka kwa sababu ya mchanga na joto, unabaki na fimbo yenye kisu mbele. Ndiyo iliyowazuia wale waliotoka Karari, pamoja na mizinga na Maxim chache. Ilipofika mwisho, inaelezwa kwamba askari wengi walibakiwa na risasi mbili tatu kwenye mikoba, wengine wakiwa tayari wanashika bayoneti. Batalioni ya Lincolnshire kutoka brigedi ya Kiingereza ya Wauchope ilifika kusaidia upande wa kulia mwishoni mwishoni, ikakuta kazi karibu imekwisha. Wapanda farasi wa Baggara, kabila la Khalifa mwenyewe, walijaribu kwa mara ya mwisho kuuingia mstari, wakafa karibu wote.

Hii haikutokea kwa bahati, na hapa ndipo napingana na wanaosema ni mashine ndizo zilizoshinda Omdurman. Mashine zilishinda ile ya alfajiri, sawa, sina ubishi. Lakini saa nne ile mashine peke yake zisingetosha, maana Maxim haiwezi kujigeuza kaskazini, inageuzwa na watu, na watu wanaweza kukimbia. Kilichoshinda pale ni miaka 10 ya mazoezi. Macdonald aliingia jeshi la Misri 1888 na akapewa batalioni ya XI ya Wasudani, akawa nayo kwenye mapigano ya Toski mwaka 1889, Tokar 1891, halafu akapewa brigedi na kupigana Firket tarehe 7 mwezi wa 6 mwaka 1896, Abu Hamed mwezi wa 8 mwaka 1897, na Atbara tarehe 8 mwezi wa 4 mwaka 1898. Wengi wa askari wale walipigana mara tano, sita, pamoja naye. Wale Waingereza waliokuja na meli mwaka huo huo walikuwa wageni kwenye hiyo nchi, wale Wasudani ndio walikuwa jeshi lenye uzoefu.

Na yeye mwenyewe alianzia chini kabisa. Alizaliwa 1853 kule Black Isle, kaskazini ya Scotland, baba yake mkulima mdogo na fundi wa kujenga kwa mawe, nyumbani wanazungumza Kigaeliki, yeye akafanya kazi dukani kwa muuza nguo kisha akiwa na miaka 17 akajiandikisha Gordon Highlanders kama askari wa kawaida. Kule Afghanistan alipigana vizuri mpaka akapewa uofisa akitokea usajenti, jambo ambalo kwenye jeshi la Uingereza la wakati ule, jeshi la watoto wa mabwana, lilikuwa nadra sana. Majuba, Afrika Kusini, mwaka 1881 alitekwa na Makaburu baada ya kupigana kwa ngumi risasi zilipoisha, na jenerali wao Joubert akamrudishia upanga wake kwa heshima. Mtu kama huyo ukimpa batalioni ya watu waliokamatwa utumwani anajua kuwafundisha, kwa sababu yeye mwenyewe alifundishwa hivyo hivyo, kwa sauti ya sajenti. Sisemi aliwapenda kama ndugu zake, sijui moyo wa mtu, ila alijua mguu wa askari unauma vipi, na wenzake wengi hawakujua.

Hawa Wasudani basi walikuwa nani? Wengi walikuwa Wadinka, Washiluki, Wanuba na watu wengine wa kusini na wa milimani, ambao wao au baba zao walitekwa na wafanyabiashara wa watumwa na kuishia kambini. Mmisri aliyeandikishwa kwa lazima alitumikia miaka yake akarudi kijijini, Msudani mweusi alitumikia maisha. Mke na watoto walikaa pembeni ya kambi, kambi ikawa ndio kabila. Na baada ya mapigano kama ya Firket na Atbara, mateka weusi wa Khalifa waliosimama imara walisajiliwa moja kwa moja, wakavaa yunifomu ya jeshi lililowashinda. Fikiria hilo vizuri, mtu ametekwa utotoni akauzwa, akatekwa tena na Mahdi akapewa bunduki, akatekwa tena na Waingereza akapewa bunduki nyingine, na sasa amesimama Karari anawafyatulia watu ambao pengine juzi walikuwa wanakula naye chungu kimoja. Utamwita msaliti? Mimi siwezi. Hakuna siku hata moja aliulizwa anataka kuwa upande gani.

Historia ya watu hawa ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1863 mtawala wa Misri alimpa Napoleon III, mfalme wa Ufaransa, batalioni ya Wasudani, watu 447, wakapelekwa mpaka Mexico, wakapigana huko karibu miaka minne, waliosalia wakapita Paris 1867 wakakaguliwa na mfalme mwenyewe. Mmoja wao, Ali Jifun, Mshiluki wa Fashoda, alirudi, akapanda mpaka kuwa ofisa katika jeshi la Misri, na maisha yake yakaandikwa kutoka mdomoni mwake na kuchapishwa Uingereza 1896. Ni mmoja kati ya wachache sana ambao tuna jina lao na maneno yao.

Na hapa kwetu nao wapo, hii si habari ya mbali. Wissmann alipotumwa na Wajerumani mwaka 1889 kuja kumpiga Abushiri bin Salim, alipitia Cairo kwanza, akaandikisha Wasudani kama 600, wengi waliokuwa wameachishwa kwenye jeshi la Misri. Hao ndio msingi wa askari wa Kijerumani pwani yetu, ndio waliopigana Bagamoyo na Pangani. Upande wa Uganda, Mwingereza Lugard aliwakuta 1891 askari wa Emin Pasha, gavana wa Misri kule Equatoria, kusini ya Sudan, waliokwama chini ya Selim Bey, akawachukua, na wajukuu wao ndio Wanubi wa Bombo na wa Kibra pale Nairobi. Watu wale wale, mfumo ule ule, kambi ile ile ya wake na watoto.

Tena kuna Macdonald wa pili hapa na watu huwachanganya. Yule wa Uganda ni James Ronald Leslie Macdonald, mhandisi aliyepima njia ya reli. Mwaka 1897 alikuwa anaongoza msafara kwenda kaskazini, na makampuni ya Wasudani aliyopewa yakagoma kule Eldama Ravine. Walikuwa wamechoshwa na safari zisizoisha, mshahara mdogo tena unachelewa, wake zao wameachwa. Ugomvi ukageuka vita, wakajifungia ngome ya Luba's kule Busoga, wakaletwa askari kutoka India kuwazima. Linganisha tarehe. Mwezi wa 8 mwaka 1897 Wasudani wa Hector Macdonald wanaingia Abu Hamed kwa bayoneti, na mwezi unaofuata Wasudani wa yule mwingine wanaacha kambi. Damu ni ile ile, lugha ni ile ile, mafunzo yanafanana, na wote walikuwa wanavumilia mengi. Wanaosema "Msudani ni askari wa kuzaliwa", na Waingereza walipenda sana kusema hivyo, hawana jibu hapa. Walivyotendewa, walivyolipwa na nani alikuwa mbele yao, hivyo ndivyo vilivyoamua. Askari wa kuzaliwa hayupo.

Baada ya Omdurman Kitchener akawa Lord na Bunge likampa pauni 30,000. Macdonald akashukuriwa na Bunge, akafanywa msaidizi wa heshima wa Malkia, na watu wa Scotland wakamshangilia mitaani. Baadaye akapewa brigedi ya Highland Afrika Kusini baada ya Wauchope kuuawa Magersfontein, akajeruhiwa Paardeberg, akapewa cheo cha Sir, akapelekwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, kuwa mkuu wa majeshi mwaka 1902. Huko zikaibuka tuhuma za uhusiano na wavulana, akaitwa London, akaamriwa arudi Ceylon kukabili mahakama ya kijeshi, magazeti yakaandika akiwa njiani, na tarehe 25 mwezi wa 3 mwaka 1903 akajiua hotelini Paris. Kesi haikusikilizwa kamwe. Akazikwa Edinburgh asubuhi mapema bila heshima za kijeshi, na watu wakaja kaburini kwa maelfu siku zilizofuata. Watu wa kwao Dingwall wakamjengea mnara wa mawe mkubwa juu ya kilima, upo mpaka leo.

Makamanda wa batalioni zake nne wanajulikana kwa majina, Walter wa IX, Nason wa X, Jackson wa XI, Pink wa 2 ya Kimisri. Chini yao walikuwepo maofisa weusi, masajenti weusi, wapiga tarumbeta, wabeba maji, na wanawake waliokuwa wanasubiri kambini wakisikia mizinga. Wale waliosimama kwenye ile kona ya L, pale mstari ulipokunjika na kila mmoja akawa na adui mbele na adui pembeni, ndio walioamua asubuhi ile, na tukitaka kuwataja leo tunaweza kutaja namba ya batalioni tu.